Reli Juu ya Mlango wa Mninga

Alasiri, jua likishahamia dirisha la upande wa magharibi, chumba changu cha kushonea hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Vumbi la pamba huelea bila kushuka wala kupanda. Saa hizo baba yangu hukaa kwenye kiti chake mwisho wa chumba, mikono juu ya magoti, akitazama mbele, nami hukanyaga cherehani polepole ili nisimkatishe. Simkatishi nini, sijui. Ila ukiingia ghafla unaweza kudhani sisi wawili tumo ndani ya chupa, na mtu ameifunga kizibo akaenda zake.

Naandika nikijua kalamu yangu ni ya darasa la saba. Nimezoea kuandika machache kila jioni, nimeshona nini, nani amepita, na hata hayo nikiyasoma baadaye naona kama yametokea kwa mtu mwingine. Kwa hiyo mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam akisoma haya akasema haikuwa hivyo, na yeye asikilizwe.

Baba ana presha ya macho. Hospitali walitueleza bila kutuficha: matone yanalinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi. Giza lake halikuja kwa mbele. Lilianzia pembeni likawa linajikunja kuelekea katikati, kama mdomo wa mfuko ukivutwa kamba. Siku moja aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba maji yamekatika, "Mwezi uliopita nilikuwa nakuona wewe na cherehani. Sasa nakuona wewe. Cherehani naisikia tu."

Kabla mfuko haujafunga alitaka kitu kimoja: kuona treni ikimjia.

Mgeni atashangaa, maana huku kwetu Mtwara treni hakuna. Ilikuwepo. Baba alipokuwa mtoto, shamba la mama yake upande wa Mpapura lilikuwa karibu na reli, na alikuwa akikimbia kwenda kusimama mwisho wa kipande kimoja cha pembeni, pale mabehewa yalipokuwa yakiegeshwa. Treni ilitokea kwenye kona polepole, ikanyooka, ikaja moja kwa moja kuelekea kifuani kwake. Halafu, mahali reli ilipogawanyika, ikawa kama inafikiri. Siku nyingine iliinama ikapita kando, kama mtu mwenye adabu anayempisha mkubwa njiani. Siku nyingine iliendelea kumjia mpaka ikasimama mbele yake, ikipumua. "Hujui itakuja au itapita," alikuwa akituambia tukiwa wadogo. "Hapo ndipo penyewe." Kisha watu wakaja wakaing'oa reli yote, na yeye bado mtoto, na mahali pale pakaota majani kama kwingine.

Mimi treni niliipata bila kuitafuta. Familia moja ya wageni waliokuwa wakifanya kazi za gesi ilihama kutoka mtaa wa Shangani, wakauza vitu vya nyumba, nikaenda kutazama mapazia. Chini ya mapazia kulikuwa na boksi, ndani yake kichwa cha treni kirefu kama kiganja na mabehewa matatu, pamoja na kile kisanduku cha kupeleka umeme. Reli hazikuwamo. Nikarudi nyumbani na treni, bila mapazia. Baba alikipapasa kile kichwa, akahesabu magurudumu kwa kidole, akakipakata mpaka wakati wa kutia udhu.

Nilitafuta pa kuilaza. Tulikuwa na mlango wa zamani wa mninga ulioondolewa nyumba ilipokarabatiwa. Nikaulaza juu ya meza yangu ya kukatia nguo, na tangu siku hiyo nguo nikakatia mkekani. Kiti cha baba nilikiweka kwenye upande mfupi wa mlango. Hili nililifikiria sana. Treni ikipita mbele yake kwa ubavu, atapata kuiona kidogo tu, kama mtu anayepita nje ya ufa wa dirisha. Lakini ikimjia uso kwa uso itabaki ndani ya kile kiduara chake muda wote. Kwa hiyo njia ilibidi izunguke mlango, itoke kwenye kona, inyooke kumwelekea, na karibu naye igawanyike: mkono mmoja upinde kurudi kwenye mzunguko, mwingine uende hadi kwenye magoti yake.

Reli alinunua mdogo wangu, zikaagizwa nje, na hapo tukabishana kwa simu. Naomba nimtendee haki. Yeye alitaka vile vipande vya kuunganisha, vilivyokwisha kupindwa kiwandani, kila kimoja na kipimo chake.

"Dada, hivyo havikosewi. Unaviunga kama mtoto anavyounga. Hiyo nyingine inakuja imenyooka, ndefu, unaipinda mwenyewe. Ukiivunja utaipata wapi Mtwara? Tuagize tena, tusubiri tena? Macho ya baba yanasubiri?"

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Mimi nilikuwa na jambo moja tu la kumjibu, na sikulisema vizuri. Vile vipande vya kiwandani vinatoka kwenye unyoofu na kuingia kwenye kona papo hapo, kama kola ya kununua iliyobandikwa kwenye shati. Baba hakusimulia kona ya namna hiyo. Alisimulia kona inayoanza bila wewe kujua kwamba imeanza. Na kona kama hiyo mimi ndiyo kazi yangu; nimetia mikono kwenye mashati ya watu wangapi.

"Nipe hiyo ya kupinda," nilimwambia.

"Una uhakika?"

"Sina."

Akacheka, akaiagiza. Kilichotushinda ni kile kipande ambapo reli moja inakuwa mbili. Baba anakiita pointi, nami nimelifuata jina lake. Kulikuwa na fupi na ndefu. Fupi inageuka kwa ukali lakini haili nafasi. Ukiiweka, unabaki na kipande kirefu kilichonyooka cha treni kumjia baba. Ndefu inageuka kwa upole, ila inakula nusu ya unyoofu huo. Nilizitazama picha zake kwenye simu mpaka macho yangu yakawa mabaya kuliko ya baba. Mwishowe mdogo wangu akasema, "Chukua zote mbili, utaamua ukizishika."

Mzigo ulipofika tuliufungua sebuleni, na siku hiyo hiyo akaingia mtani wa baba. Ni mzee mwenzake, zamani alikuwa fundi baiskeli pale sokoni, mjane, mwenye shamba la mikorosho Mpapura. Alianza kusema kabla hajavua viatu.

"Hodi! Nasikia kipofu ameanzisha shirika la reli."

"Karibu," baba akajibu. "Nafasi ya kufagia mabehewa bado ipo."

"Na hiyo treni utaiona, au utaona jongoo tu?"

"Macho yamebaki machache, mtani. Hasara yake ni kwamba bado yanakuona wewe."

Wakacheka mpaka wakakohoa. Mtani akaokota ile pointi ndefu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akazisogeza kwa ukucha zile ndimi mbili nyembamba za chuma zinazoamua njia. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Alitulia nayo kidogo. Kisha akaitumbukiza mfukoni.

"Hii nimeikamata."

Utani wa huku kwetu unajulikana. Mtani akichukua chako huna ruhusa ya kukasirika. Unakikomboa kwa anachotaka, mnacheka, yamekwisha. Ukinuna, wewe ndiye uliyevunja.

"Unataka nini?" baba akauliza, anatabasamu.

"Kanzu. Ya mkono wa binti yako. Yenye darizi shingoni, asinishonee ya haraka kama za mnadani."

Nikampima hapo hapo, naye akawa anajivuta tumbo ndani, baba anamwambia asimdanganye fundi. Kesho yake nikasikia amekwenda Mpapura, korosho zimeanza kudondoka, na pointi amekwenda nayo.

Zile siku za kulaza reli nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka homa nyepesi. Nilikata ruwaza kwa magazeti, kona nzima, nikaibandika juu ya mninga kwa pini. Reli ya kupinda ni kitu cha ajabu mkononi. Ukiikunja, ule mstari wa ndani unatoka nje ya mwenzake kama ulimi, kwa sababu njia ya ndani ni fupi. Ndivyo inavyokuwa unapozungushia utepe shingo ya gauni, upande mmoja unavutika na mwingine unazidi. Kilichozidi nilikikata kwa msumeno mdogo wa sonara mmoja jirani. Mara ya kwanza niliunga vipande viwili katikati ya kona, pakatokea kibyongo. Nikavibandua, nikavipeleka kwa fundi redio akavilehemu vikiwa vimenyooka, ndipo nikavipinda vyote pamoja kama kitu kimoja. Kona ikakubali. Nilipitisha kidole juu yake nikiwa nimefumba macho, na kweli sikujua ilianzia wapi.

Baba alikuwa akipitisha kidole chake baada yangu. Jioni moja aliokota ule mrija wa karatasi ngumu unaobaki uzi ukiisha, akauweka jichoni akanigeukia.

"Hivi," alisema. "Ila wewe unaweza kuushusha."

Hapo nikaogopa. Kanzu nilikuwa sijamaliza darizi, na mtani hakuwa amerudi, kwa hiyo nikaweka pointi fupi. Nilijipa moyo kwamba huenda ndiyo iliyotakiwa, maana inaacha unyoofu mrefu. Nikaunganisha umeme. Treni ikatoka kwenye kona vizuri kabisa, ikanyooka, ikamjia baba, na nikaona uso wake unafunguka. Ilipofika kwenye pointi, kile kichwa kirefu kikastuka kama mtu aliyekanyaga mwiba, gurudumu la mbele likapanda juu ya chuma, na vyote vikalala ubavu.

"Imeanguka?" baba akauliza.

"Imeanguka, baba."

"Pole yake."

Nilijaribu kwa kwenda pole, nikajaribu kwa kurudi nyuma, nikapiga tupa kidogo, nikaongeza uzito wa vifungo vya koti ndani ya kichwa. Kila mara mwiba ule ule. Baba akaniambia niache, nisijichoshe. Aliyasema hayo akitazama mahali ambapo mimi sikuwepo.

Nikamaliza kanzu. Asubuhi iliyofuata nikaenda Mpapura.

Nilimkuta mtani ameinama chini ya mikorosho yake, anaokota, vidole vimetiwa doa na utomvu. Mabibo yaliyooza yalikuwa yanatoa ile harufu yao ya utamu wa kulevya, nyuki wamelewa. Alinyoosha mgongo akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyekuwa akiniota.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta kesi?"

"Nimeleta kanzu."

Aliikunjua, akaikagua mishono kwa kuipindua ndani nje. "Shingo imebana."

"Haijabana. Vaa."

Akaivaa juu ya nguo za shamba. Ilimkaa. Akainua mkono mmoja, akainua mwingine, akatafuta kasoro kwapani. Hakuna. Mtani akishalipwa hana neno, na yeye alilijua hilo, lakini hakwenda kuleta pointi. Aliketi juu ya gunia la korosho na kanzu yake nyeupe.

"Binti yangu, mke wangu marehemu alikuwa anamsubiri mtoto wetu wa mwisho, yule aliyekuwa Msumbiji. Alikuwa mgonjwa kweli kweli, lakini anasubiri. Kila siku anauliza, amefika? Siku alipofika, wakala pamoja, wakacheka. Kesho yake mama akageukia ukutani. Daktari hakuona kilichomuua. Mimi nilikiona." Akaokota korosho moja, akaisafisha kwenye kanzu mpya kabla hajakumbuka. "Sasa yule mtani wangu. Anayashikilia yale macho kwa ajili ya treni. Ikishamfikia, atayashikilia kwa ajili ya nini?"

Siwezi kusema alikosea kuficha pointi, na siwezi kusema alipatia. Hata leo nikiipima naona mizani inacheza tu, haisimami. Alikuwa rafiki wa baba tangu hawajaota ndevu. Mimi ni mtoto wake. Nani kati yetu alikuwa na haki zaidi ya kumpangia?

"Na asipoiona kabisa?" nikauliza. "Juzi amenionyesha. Nuru imebaki kama mrija wa uzi."

Mzee akatazama chini. Nyuki mmoja akatua kwenye darizi ya shingo yake, akatembea nayo yote, akaruka. Akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na pointi imefungwa kwenye kitambaa safi. Alikuwa ameipaka mafuta ya baiskeli isile kutu. Ilinibidi kuzifuta ndimi zake moja moja nilipofika nyumbani, kwa sababu umeme haupendi mafuta, lakini sikumwambia.

"Tangulia," alisema. "Nitakuja mwenyewe. Usiiwashe bila mimi."

Pointi ndefu ilikula unyoofu kama nilivyohofia. Ilibidi nisogeze kona nyuma, nibandue nusu ya kazi, nikunje upya. Mlango ukabaki na unyoofu mfupi, lakini mtulivu. Nilisukuma kichwa cha treni kwa mkono juu ya ndimi zile. Kikaegemea upande kidogo kidogo, kikapita.

Mtani alikuja Ijumaa baada ya swala, amevaa kanzu ile, imefuliwa. Mfukoni alikuwa na mkono wa breki wa baiskeli na waya wake. Hakuomba ruhusa. Alipiga magoti chini ya mlango wa mninga, akapitisha waya, akaufunga kwenye ndimi za pointi, akaweka na springi, na mkono wa breki akaukaza ukingoni, pale pale mkono wa kulia wa baba unapopumzika.

"Haya, mtani. Ukibana, inakuja kwako. Ukiachia, inapita zake. Wewe ndiye mwenye pointi."

Baba akaupapasa ule mkono wa breki. Akaubana, akauachia. Chini ya mlango kitu kikasema *tik*. Akatabasamu kwa upande mmoja.

"Umenikabidhi kazi uzeeni."

"Angalau upate jina. Kipofu bila cheo anachosha."

Nikafunga mapazia ya upande wa jua, nikawasha. Treni ikatoka polepole kwenye kona, ile kona isiyo na mwanzo. Chumba kilikuwa rangi yake ya chai. Ikanyooka. Baba akainama mbele, na nikaona mboni zake zimeikamata, hazitafuti tena, zimetulia kama mtu aliyefika. Treni ikawa inakua. Mtani alikuwa amesimama nyuma ya kiti ameshika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili.

Ikafika kwenye pointi. Kidole cha baba kilikuwa juu ya breki. Ikawa kama inafikiri.

Hakubana. Treni ikainama kwa upole, ikampa ubavu, nikajua imemtoka machoni. Ikazunguka. Ikatokea tena.

"Sasa!" mtani akasema. "Bana!"

"Naiona," baba alisema. "Naiona hadi lile dirisha lake."

Ikaja, ikakua, ikafikiri. Hakubana. Ikapita.

"Wewe mzee, bana basi! Binti amekunja hizo reli mpaka vidole vimechubuka, mimi nimepiga magoti na kanzu mpya, unaiachia ipite?"

"Ina haraka gani? Leo si zamu yake kusimama." Baba akauachia ule mkono wa breki, akaupigapiga kwa kiganja kama mtu anavyompiga ng'ombe wake begani. "Nitaibana kesho, inshallah. Au keshokutwa. Nitaona."

Mtani alizunguka kiti, akajivutia ile stuli yangu ya cherehani bila kuniuliza, akakaa kando ya baba, kwa upande ambao baba hamwoni tena.

"Basi kesho nitakuja nione kama umebana," alisema. "Mwanangu, chai ipo?"

Nikaenda jikoni. Nilikuwa nasikia treni ikizunguka, na kila ilipokaribia pointi wazee wale wawili walinyamaza.